Tumbuizo na Ngoma: Habari za Sauti Zilizotumiwa Kutuliza Nafsi Zilizofadhaika

Neno kutumbuiza limehama mahali pake. Leo mtu akisikia ya kwamba bendi fulani itatumbuiza, huelewa kuwa watapiga muziki mbele ya watu waliolipa kiingilio. Walakini ukifungua kamusi ya Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, utaona maana nyingine iliyotangulia: kutumbuiza ni kutuliza kwa wimbo, kama mama amlazavyo mtoto, au kama mtu amwondoleavyo mwenzake majonzi. Jirani yake ni neno kubembeleza, lenye ukoo na bembea, maana mtoto alaye usingizi kwa wimbo huwa anayumbishwa pia. Na neno lenyewe kutuliza latoka katika kutua. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua hutua magharibi. Basi aliyetulia ni mtu aliyekwisha kutua, na amtulizaye mwenzake amsaidia kushusha kitu alichokuwa amekichukua.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu yatatufaa mbele. Katika habari za kale za watu waliotibiwa kwa sauti, nimeona njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ile ya tumbuizo: mgonjwa hulala au huketi, na sauti laini humiminwa masikioni mwake mpaka moyo upoe. Ya pili ni ile ambayo mgonjwa hasikilizi tu, bali huinuliwa na sauti, hujibu kwa mwili wake na kinywa chake, kisha ndipo hushuka na kutua. Pwani yetu yazijua zote mbili. Sisi watu wa misheni tuliisifu ya kwanza na kuikataza ya pili, na sidhani kwamba tuliifahamu vema hata moja.

Tuanze na kitabu tulicho nacho wote. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 16, Mfalme Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, na watumishi wake wanampa shauri la kumtafuta mtu ajuaye kupiga kinubi. Daudi analetwa, anapiga kwa mkono wake, na Sauli anapata nafuu. Habari hii imehubiriwa mara nyingi sana. Isiyohubiriwa sana ni ile ya sura ya 18, ambapo Daudi anapiga kinubi vilevile kama siku zote, na Sauli anamrushia mkuki. Tena katika sura ya 19 anarudia. Dawa ni ile ile, mpigaji ni yule yule. Lakini sasa mgonjwa anamwonea wivu mpigaji, na nyuzi hazina nguvu tena. Aliyeandika habari hizi hakutaka kutuficha ya kwamba sauti haifanyi kazi peke yake, bali hufanya kazi kati ya watu wawili, na uhusiano wao ukiharibika, dawa nayo huharibika.

Katika nchi za Waarabu elimu hii ilikwenda mbali. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, alizilinganisha nyuzi nne za udi na majimaji manne ambayo waganga wa Kiyunani walisema ndiyo yautawalao mwili, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila uzi ulifikiriwa kuwa na nguvu juu ya mojawapo. Katika karne ya 10 jamaa ya wanazuoni wa Basra walioitwa Ikhwan al-Safa, yaani Ndugu wa Usafi, walitunga nyaraka nyingi za elimu, na mmojawapo wahusu muziki. Humo wasimulia juu ya lahani iliyotumiwa katika nyumba za wagonjwa wakati wa alfajiri ili kupunguza maumivu. Msomaji wa Unguja atalitambua jina hilo mara moja. Chama cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 chaitwa Ikhwani Safaa, nacho kingali kikipiga kanuni na udi hata leo. Neno lenyewe taarabu latokana na tarab la Kiarabu, ambalo si jina la nyimbo hasa, bali ni jina la hali impatayo msikilizaji pale sauti inapomtikisa, ama kwa furaha ama kwa huzuni. Kwa hiyo pwani tumeuita muziki kwa jina la kile uufanyao ndani ya mtu.

Jengo lililo mashuhuri kuliko yote katika habari hii liko Edirne, katika nchi ya Uturuki. Sultani Bayezid wa Pili alijenga huko msikiti, madrasa na nyumba ya wagonjwa, na kazi ikamalizika mwaka 1488. Nyumba ile ilikuwa na ukumbi wa kuba, na katikati ya ukumbi chemchemi ya maji, na vyumba vya wagonjwa vilielekea pale ili sauti ifike. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, asema palikuwa na kikosi cha watu kumi, waimbaji na wapigaji, ambao walikuja mara tatu kwa juma kuwapigia wagonjwa na wenye wazimu. Si lazima tuamini kila neno la Evliya, maana alikuwa mtu wa kupenda kutia chumvi. Lakini jengo lipo, na mtu akisimama chini ya kuba ile ataona kwa masikio yake mwenyewe kwamba lilijengwa kwa ajili ya sauti. Tangu mwaka 1997 limekuwa nyumba ya makumbusho ya uganga.

Sasa nitakaa kidogo katika habari ya Hispania, maana yatuonyesha njia ya kwanza katika nguvu zake na katika upungufu wake pia. Mfalme Filipo wa Tano, mjukuu wa Louis wa 14 wa Ufaransa, alipatwa na huzuni nzito kwa miaka mingi. Aligeuza usiku kuwa mchana, alikataa kunyolewa na kubadilisha nguo, na kazi za ufalme zilimshinda. Mwaka 1737 mkewe, Malkia Elisabetta Farnese, alimwita mwimbaji Mtaliani Carlo Broschi, aliyejulikana kwa jina la Farinelli, ambaye wakati ule hakuwa na mfano katika Ulaya nzima. Yasimuliwa kwamba malkia alimweka katika chumba kilicho karibu na kile cha mfalme, na mfalme aliposikia sauti ile alishtuka, kisha akaomba mwimbaji aletwe kwake. Alipoulizwa ataka zawadi gani, Farinelli alimsihi mfalme aondoke kitandani, anyolewe, na kuhudhuria baraza lake. Tangu hapo Farinelli hakuimba tena mbele ya watu wote. Alimwimbia mfalme usiku baada ya usiku, na wengi wasema nyimbo zilikuwa zile zile chache, mpaka mfalme alipokufa mwaka 1746. Hiyo ni karibu miaka tisa.

Wanaopenda kuisimulia habari hii huishia hapo, kana kwamba mfalme aliponywa. Hakuponywa. Alipata nafuu ya usiku ule, na kesho yake alihitaji tena. Balozi wa Uingereza huko Hispania, Benjamin Keene, aliandika mwaka 1738 jambo ambalo wasimulizi huliacha: mfalme mwenyewe alianza kuigiza nyimbo za Farinelli, wimbo baada ya wimbo, akipiga makelele ya ajabu, na watu wa nyumbani mwake walijitahidi sana ili wageni wasimwone katika hali ile. Balozi aliliona jambo hili kuwa upuuzi na aibu. Mimi naliona kwa namna nyingine. Mtu aliyekuwa amelala kama mfu kwa miezi alikuwa ameanza kujibu. Kama angalizaliwa Pangani badala ya Versailles, watu waliomzunguka wasingalifunga milango, wangaliitika.

Hivi ndivyo tufikavyo kwenye ngoma.

Katika pwani yetu, na bara pia, neno ngoma lina maana zaidi ya chombo kilichowambwa ngozi. Ni chombo, ni mchezo, na ni matibabu. Mtaalamu John Janzen, aliyezunguka Kinshasa, Dar es Salaam, nchi ya Waswazi na Cape Town, alitoa kitabu mwaka 1992 chenye jina hilo hilo la Ngoma, akionyesha kwamba kutoka Kongo mpaka kusini kabisa mwa Afrika neno hili, au ndugu zake, latumika kwa shughuli ya kumponya mtu katikati ya kundi la watu waliopata kuugua kama yeye. Kwa Kiswahili habari za pepo na ngoma zao ziliandikwa mapema na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilitolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Na mwaka 1936 Hans Koritschoner, Mwaustria aliyeishi Tanganyika na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Hans Cory, aliandika juu ya ngoma ya sheitani katika jarida la wanaelimu wa London. Katika anwani ya makala yake aliiita ngoma hiyo matibabu ya maradhi ya nafsi. Neno matibabu, wakati ule, halikuwa dogo.

Utaratibu wenyewe ulitofautiana mji kwa mji na pepo kwa pepo, lakini mwendo wake ulikuwa hivi. Mtu, na mara nyingi alikuwa mwanamke, huugua ugonjwa usio na jina: hali chakula, hulia bila sababu, moyo humwenda mbio, viungo huuma, usingizi humkimbia. Dawa za kawaida zikishindwa, hupigwa bao au ramli, na mganga husema kuna pepo. Mwele hufukizwa kwa siku kadhaa, akifunikwa nguo juu ya chungu cha majani yaliyochemshwa, au juu ya chetezo chenye ubani. Kisha hupelekwa kilingeni, na ngoma huanza. Hapo fundi hutafuta. Kila pepo ana mapigo yake na nyimbo zake. Za pepo wa Kiarabu si za Kinyamkera, wala za Kibuki si za Dungumaro (na dungumaro, kwa habari ya kamusi, ni jina la pepo na la ngoma yake pia). Fundi hupiga haya, humwangalia mwele. Hupiga yale, humwangalia tena. Mwele akikaa kimya, pigo hilo si lake. Bega likianza kutikisika, wapigaji hawaliachi; huongeza mwendo, na watu wote wanaoketi pale huitikia. Ndipo husemwa kwamba pepo amepanda kichwani. Huulizwa jina lake, ametoka wapi, ataka nini, na hujibu kwa kinywa cha mwele. Hutaka kanzu, au pete, au karamu. Na huenda akataja neno ambalo mwele, akiwa na akili zake, hawezi kulitamka mbele ya mumewe au mama mkwe wake. Baada ya kukubaliana hushuka, na mwele huanguka kimya, hulala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa majuma mengi.

Msomaji aangalie lugha. Pepo hupandishwa, kisha hutulizwa. Ndiyo maana nilianza na kutua: hakuna awezaye kutua mzigo uliolala chini, sharti kwanza uinuliwe uonekane. Tena mwele wa ngoma aliitwa mteja, neno ambalo siku hizi twalitumia kwa mtu anunuaye dukani. Mteja wa zamani hakununua na kwenda zake. Aliingia katika chama, alirudi kila ngoma ilipopigwa kwa ajili ya mwingine, akaitikia nyimbo, na baada ya miaka aliweza kuwa fundi mwenyewe. Yeye alikuwa kiti cha pepo wake, na kiti hakitupwi.

Misheni zilikataza. Waliobatizwa walionywa wasikanyage kilingeni, na aliyekwenda alitengwa na meza ya Bwana. Sitaki kuwadharau waliotutangulia. Walikuwa na sababu zao, na nyingine zilikuwa njema. Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya pepo na damu yake kunywewa, jambo ambalo Mkristo hawezi kulipatanisha na imani yake. Gharama zilikuwa kubwa, na waganga wengine walizikuza kwa tamaa mpaka nyumba ikaingia katika deni. Tena palikuwa na hatari iliyo mbaya kuliko deni: mwenye kifafa, au mwenye homa iliyopanda kichwani, alichezeshwa usiku kucha hali anahitaji daktari. Waislamu wenye elimu nao hawakuipenda ngoma hii. Wao walipendelea kumsomea mgonjwa Kurani, na hiyo nayo ni dawa iingiayo kwa sikio.

Lakini kukataza ni jambo moja, na kuuliza ni jambo lingine. Hatukuuliza yule mwanamke aliugua nini kabla ya kwenda kilingeni. Tulimwambia pepo wake ni uongo, au ni Shetani, kisha tukamrudisha nyumbani kule kule alikougulia, na mkononi tukampa kitabu cha nyimbo. Linda Giles, aliyechunguza vyama vya pepo vya pwani na kuandika mwaka 1987, alikataa maelezo ya wale waliodhani kwamba hivi ni vyama vya wanyonge tu wasio na sauti mahali pengine. Aliona kwamba wamo watu wa hali nyingi, na kwamba mambo ya pepo yamo katikati ya maisha ya mji, si pembezoni. Kama ni hivyo, tulipolifunga lango la kilinge hatukuondoa tu ushirikina wa wachache. Tuliondoa mahali ambapo mji wenyewe ulizoea kupeleka fadhaa zake. Wengine walipona kwa maombi na kwa upendo wa wenzao, nashukuru kwa hilo. Wengine walikwenda kwa siri usiku, wakaja kanisani asubuhi na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Elimu ya siku hizi yasemaje? Yasema mambo machache kwa uhakika na mengi kwa kukisia. Ni hakika kwamba mapigo ya moyo na pumzi hufuata mwendo wa muziki kwa kiasi fulani. Ni hakika pia kwamba mgonjwa anayengoja kupasuliwa hupungukiwa na hofu akisikiliza muziki: mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 26, yenye watu zaidi ya 2,000, na hilo ndilo lililoonekana. Zaidi ya hapo yapo mabishano. Mmarekani Stephen Porges alitangaza mwaka 1994 nadharia juu ya mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, utokao kwenye ubongo na kushuka mpaka moyoni na tumboni. Baadaye akatengeneza muziki uliochujwa ili sauti zilizo kama za binadamu zisikike zaidi, nao husikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni kwa muda wa saa tano zilizogawanywa. Wapo wanaosema wamesaidiwa sana, na wapo wataalamu wa mwili wasemao kwamba nadharia yenyewe haisimami. Hayo ni matumbuizo ya zamani katika chombo kipya, na mwenye kuyatumia asitarajie zaidi ya alivyopata Mfalme Filipo.

Jaribio lililonishangaza ni lingine. Mwaka 2006 daktari Mtaliani Luciano Bernardi na wenzake waliwasikilizisha watu 24 muziki wa namna mbalimbali, wa haraka na wa polepole, wakipima moyo, damu na pumzi. Muziki wa haraka uliwapandisha, kama ilivyotazamiwa. Lakini walikuwa wameweka katikati dakika mbili za kimya, na humo katika kimya, mapigo ya moyo na pumzi vilishuka chini kuliko vilivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Utulivu mkubwa kuliko wote haukuwa katika wimbo laini. Ulikuwa pale sauti ilipokoma. Sisemi kwamba watu 24 wa Italia wameithibitisha ngoma ya Bagamoyo, maana ngoma ina mambo mengi yasiyopimika kwa mashine. Nasema tu kwamba fundi aliyempandisha mwele mpaka akaanguka, kisha akanyamazisha ngoma zote, hakuwa mtu asiyejua afanyalo.

Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea muziki wa watu wetu katika ibada. Na mwaka ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake. Ngoma zikaingia kanisani. Ziliingia kwa ajili ya sifa, upande wa kwaya, na kwa mapigo ya harusi na mavuno. Mapigo ya kilingeni yalibaki nje. Hata hivyo katika mikesha ya maombezi, iliyoenea sana mijini katika miaka ya karibuni, mtu aweza kuona usiku kinanda cha umeme na ngoma za Kizungu zikiongeza mwendo kidogo kidogo, mkutano wote ukiitikia, mpaka mwanamke aliye mbele aanze kutikisika bega. Na mhubiri humwinamia, humshika kichwa, na kumwuliza pepo jina lake.